Lupangu ya Lubumbashi: bustani inayofuata nyumba yake

Neno lupangu tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Katika Kibemba na Kiluba, lupango ni uzio, boma. Jina linataja ukingo kwanza. Lakini mtu wa Lubumbashi akisema « ku lupangu yangu », anahesabu nyumba, choo, kisima, jiko la inje, kamba ya nguo na muembe wa nyuma. Somo hili linahusu ile sehemu ya udongo isiyojengwa: nani aliipanga, kwa kufuata nini, na kwa sababu gani leo inaisha.

Tuanze mu kijiji. Wazee wetu walilima mashamba mbali na nyumba. Karibu na mlango walibakiza mimea michache tu, kama tumbako, maboga, ndizi na mupapai. Mahali pengine pote palifagiwa kila asubuhi mpaka udongo mwekundu ung'ae. Hiyo ilikuwa akili, si umaskini wa maua: nyoka anaonekana mbali, mbu na panya hawapati mahali pa kulala, na mgeni akifika anajua kama mama wa nyumba ni mtu wa kazi. Majani mafupi ya kijani mbele ya mlango yangekuwa aibu.

Wabelgiji walipoanzisha Elisabethville mwaka 1910, walileta wazo lingine la usafi. Mu ville nyumba iliwekwa katikati ya kiwanja kikubwa, mbali na barabara. Mbele kulikuwa gazoni, waridi na bugenvilea, na kando ya avenyu jakaranda zinazochanua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Nyuma, mahali ambapo mgeni hafiki, kulikuwa bustani ya mboga na nyumba ndogo ya boi. Bustani ile ya mbele ilikuwa ya macho. Iliomba maji muda wote wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, na aliyeyabeba hakuwa mwenye nyumba. Wengi wa baba zetu walijifunza kukata uzio wa maua kwa namna hiyo, kwa mshahara.

Watu weusi walipewa site yao, ikitengwa na ville kwa eneo lisilojengwa. Miaka ya 1920 ikazaliwa Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Viwanja vilikuwa vidogo na nyumba karibu na njia. Mu kambi za Union Minière mambo yalikuwa mengine tena: nyumba ni ya kampuni, zote zinafanana, na kazi ikiisha unatoka. Ninaona hapa jambo ambalo vitabu vya shule vinalipita haraka. Mtu asiye na hakika ya kubaki hapandi muembe. Anapanda lengalenga, kwa sababu inavunwa kabla ya miezi miwili.

Njo maana Katuba na Ruashi zilibadilisha bustani kuliko amri yoyote. Mwisho wa miaka ya 1940 na miaka ya 1950, kwa mpango tunaouita wa Grévisse, kwa jina la yule mtawala Mbelgiji, watu walikopeshwa vifaa na kujijengea nyumba zao wenyewe. Nyumba ikawa yako, miti nayo ikawa ya wajukuu. Hapo ndipo lupangu tunayoijua ilipokamata sura. Mbele kuna kiwanja kilichofagiwa, kama kijijini, na mistari miwili ya maua kutoka mlango mpaka njia, kama ville. Nyuma kuna matembele, ngaingai, sombe na miwa pale maji ya kuogea yanapopita. Katikati kuna muembe, ambao chini yake watu walikata maneno ya ndoa na kulilia wafu wao. Hakuna arshitekte aliyeichora. Wamama waliipanga kwa kufuata maji machafu na kivuli.

Halafu njaa ikaja. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uporaji ukafuata 1991, na Gécamines ikashindwa kulipa watu wake. Gazoni za ville zikageuka mahindi. Wengine walicheka, wakisema mji umerudi kijiji. Mimi ninasema bustani ya nyuma ilipita mbele, na ililisha watoto waliokuwa wakikaa darasani bila chai.

Tangu sheria ya migodi ya 2002 pesa zimerudi kwa watu fulani, na pamoja nazo ukuta mrefu na sima. Ninapowaomba wanafunzi wachore lupangu, siku hizi wanaanza na ukuta, wanamaliza na mahali pa motokari. Mti hakuna. Tuchukue kiwanja cha metre 15 kwa 20, kama vingi vinavyouzwa leo: ni metre za mraba 300. Ukijenga nyumba, annexe ya wapangaji na kufunika yote kwa sima, mvua ya Januari haina pa kuingia. Inatoka kwa jirani na kuchimba avenyu. Na kisima? Wafundishaji wa usafi wanaomba metre 30 kati ya kisima na choo. Mu lupangu ya metre 20 hesabu hiyo haiwezekani hata kwa pembe. Kwa hiyo maji ya kisima kile yasaidie kumwagilia miti, yasinywewe bila kuchemshwa.

Kiwanja kidogo hakizuii kupanga. Jua letu la kiangazi linapita upande wa kaskazini, basi mti wa kivuli uwe kaskazini au magharibi ya nyumba. Muembe unaomba nafasi. Penye metre chache, mlimau au mpera unatosha, na maracuja itapanda juu ya ule ukuta.

Kuna kartie ambazo zinaomba uangalifu zaidi. Tangu 1911 moshi wa kiwanda cha shaba ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, na Penga Penga kilima kikabaki bila miti, udongo umejaa shaba na metali nyingine. Uchunguzi uliotolewa 2009, ambao Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilishiriki, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Vumbi na mboga ni kati ya njia zake. Mboga za majani hukusanya metali kuliko matunda. Mama wa upande ule asiache kulima: ainue matuta kwa udongo ulioletwa kutoka mbali, aoshe lengalenga kwa maji mengi, na pale alipozoea kupanda mboga karibu na njia apande mupapai au muavoka.