Pamba Kwanza, Maji Baadaye

Utotoni, hapa Kilwa Kivinje, nilisimuliwa habari za risasi za Wadachi zilizogeuka maji. Mzee aliyenisimulia hakuanzia kwenye maji. Alianzia kwenye pamba: nani aliamrishwa kuilima, akida yupi alisimamia, nani alichapwa kiboko, na mtama wa nani uliliwa na ndege kwa kukosa mwamiaji. Nilichoka kuusubiri muujiza. Leo, kila nisomapo hadithi za vijana wetu zenye mashujaa warukao angani na wapitao ukutani, humkumbuka mzee yule na kukiri kuwa alikuwa fundi.

Waliopokea maji hawakuwa wageni wa bunduki wala kamba. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa papa hapa Kivinje, na jina la Mwembe Kinyonga limebaki kuwa shahidi. Miaka michache baadaye zikavuma habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kuchukuliwa na Hongo hadi ndani ya kidimbwi, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi walitangaza vita kwa kung'oa miche ya pamba huko Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vikaendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi.

Mwandishi angeifanyaje historia hii? Angeweza kuufuta muujiza, tukabaki na taarifa ya kiserikali. Angeweza kuukuza, tukabaki na shujaa asiyeumia. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, hakufuata njia yoyote kati ya hizo katika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969. Hongo anampanda mtu wake mbele ya macho yetu, na umati unaamini. Kisha mwenye muujiza mwenyewe anashtuka: kinywani mwake yametoka maneno yanayowaahidi watu wake kuwa watoto wa Seyyid Said. Je, wamtoe Mdachi ili wamrudie bwana mwingine? Anaomba watu wasubiri, waungane kwanza. Hawasubiri. Neno alilolitamka limeshamponyoka.

Hapo ndipo uhalisia ulipofumwa ndani ya ajabu. Maji yanaunganisha makabila ambayo maneno matupu hayakuweza kuyaunganisha, na maji hayohayo yanawapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha. Mwishoni shujaa anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua watoto wetu wataambiwa nini: kwamba waliopigana walikosea kupigana.

Wahenga wa pwani walilijua jambo hili tangu kale. Fumo Liyongo hapenywi na silaha, ila kitovuni kwa sindano ya shaba. Na aliyeishika sindano hiyo ni mwanawe, aliyehadaiwa kwa ahadi ya ndoa. Nguvu zake zinapita za binadamu, lakini kifo chake ni cha nyumbani kabisa.

Basi, ewe mwandishi kijana, mpe shujaa wako mabawa ukipenda. Lakini kwanza nieleze nani anamlimia shamba akiwa angani, na nani atazikwa kwa sababu ya neno lake. Mzee wangu alipofika kwenye maji, hatimaye, sikumuuliza kama ni kweli. Nilikwisha kuiona pamba, nikaelewa kwa nini mtu angeyanywa.