Soga za Barazani Si Uzembe

Wapo wanaodai kuwa soga za barazani, zinazoruka kutoka mpira hadi siasa, ni uzembe mtupu. Historia inawakana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni Tanganyika mwaka 1923, lilichanganya habari, mashairi na barua za wasomaji, kama soga hizo zinavyochanganya mada. Likisomwa kwa sauti, liliwafikia hata wasiojua kusoma. Kwenye baraza za Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa chungu bado inanywewa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono huku hoja zikipambana. Kweli, uvumi nao hupita hapo, na wanawake kwa kawaida hawakuketi, kasoro kubwa hiyo. Lakini mzushi wa barazani hubanwa papo hapo, mbele ya majirani wanaomjua. Tunaojenga mitaa mipya, tusisahau kujenga baraza.