Kikosi cha Mizinga Kilichozama na Meli

Wazee wetu, tutajapo vita vya Burma tusikisahau Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, ambacho hakikufika. Mwezi wa Februari 1944 maofisa na askari wake 996 walipanda meli Khedive Ismail Mombasa kwenda Ceylon. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Lililo zito zaidi lilifuata: manowari ya Kiingereza, ili kuziokoa meli nyingine za msafara, iliangusha mabomu baharini penye waogeleaji. Huenda ilikuwa lazima. Lakini nani angemweleza mjane? Nyambizi ilizamishwa. Kati ya watu 1,511 melini walifariki 1,297. Majina ya askari wetu yamechongwa makaburini Nairobi, Barabara ya Ngong. Makaburi yao hayapo.