222–0: Ushindi Mkubwa Unathibitisha Nini?

Kuna ushindi ambao badala ya kuleta raha huleta kesi. Tarehe 30 Desemba 2023, katika mechi ya Orange Bowl kule Florida, Chuo Kikuu cha Georgia kiliicharaza Florida State 63–3. Kati ya mechi zote za mialiko zinazofunga msimu wa futiboli ya vyuo Marekani, hakuna iliyokuwa imewahi kuisha na pengo la alama 60. Ungedhani shabiki wa Georgia angelala akitabasamu tu. Wapi! Swali likabaki palepale: tumecheza vizuri, au tumecheza na nani?

Florida State walikuwa wameshinda mechi zao zote 13. Lakini kamati inayochagua timu za kuwania ubingwa iliwaacha nje, hasa kwa sababu kiongozi wa mashambulizi yao, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu. Baada ya hapo wachezaji wao wengi hawakuicheza Orange Bowl. Wengine walikuwa wakijiandaa kwa ligi ya kulipwa, wengine wakihamia vyuo vingine. Basi upande mmoja ukasema kamati imethibitishwa kuwa sahihi. Upande wa pili ukajibu kwamba timu iliyopigwa 63 si ile iliyoshinda 13. Matokeo ni yaleyale, na kila upande umeyaita kuwa shahidi wake.

Sisi tumezoea ligi. Kila timu inakutana na kila timu, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu meza inasema yenyewe. Futiboli ya vyuo Marekani haina meza ya aina hiyo. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, kila kimoja hucheza takriban mechi 12 kabla ya Desemba, na vingi havikutani kamwe. Sasa utajuaje nani mkali kuliko nani? Lazima watu wakae chini wakadirie. Na anayekadiria hutafuta kitu cha kushika, na kitu rahisi kushika ni idadi ya alama. Ndiyo maana shabiki wa huko akishinda kwa alama 40 bado hana amani. Anajua kuna mtu mahali fulani anayepima ushindi huo.

Ukitaka kuona jinsi kipimo hicho kinavyoweza kudanganya, rudi Atlanta, tarehe 7 Oktoba 1916.

Siku hiyo Georgia Tech waliwakaribisha Cumberland, chuo kidogo kutoka mji wa Lebanon, Tennessee. Robo ya kwanza iliisha 63–0. Ya pili, 63 nyingine. Wakaenda mapumziko 126–0. Kipindi cha pili kikafupishwa, na hata hivyo Tech wakaongeza 54, kisha 42. Jumla: 222–0. Hadi leo hakuna mechi ya futiboli ya vyuo iliyokuwa na pengo kubwa kuliko hilo.

Kama unaijua raga, hesabu yake si ngumu. Ukifikisha mpira mwisho wa uwanja unapata alama 6, kisha teke la nyongeza linakupa 1. Tech walifika mwisho mara 32, hiyo ni 192, na mateke 30 yakaingia. Jamaa mmoja, Jim Preas, alipiga 18 kati ya hayo peke yake. Futiboli hii pia hukupa majaribio manne ya kusogea yadi 10 ili uendelee kukaa na mpira. Rekodi za mechi ile hazionyeshi timu yoyote iliyozipata hizo yadi 10 kwa njia ya kawaida. Cumberland walishindwa. Tech hawakuzihitaji, maana kila walipopata mpira walifunga kabla hesabu haijafika huko.

Hebu sasa tuulize swali la shabiki: walicheza na nani?

Kusema kweli, hawakucheza na timu. Cumberland walikuwa wamefuta futiboli kabla ya msimu kuanza. Shida ilikuwa mkataba. Mechi ilishapangwa, na kutotokea kungewagharimu dola 3,000, pesa nyingi sana kwa chuo kidogo wakati huo. Kocha wa Tech, John Heisman, hakukubali kuivunja. Badala yake aliahidi dola 500 pamoja na gharama za safari, bora tu waje. Basi mwanafunzi mmoja, George Allen, ambaye baadaye angekuwa rafiki wa Rais Harry Truman, akakusanya wenzake, wengi wakiwa wanafunzi wa sheria, wakapanda treni. Inasimuliwa kwamba wengine walipotelea Nashville njiani. Inasimuliwa pia kwamba mchezaji mmoja wa Cumberland alipodondosha mpira akamwambia mwenzake auokote, naye akajibiwa auokote mwenyewe aliyeudondosha. Hadithi kama hizi huongezewa chumvi kila zinaposimuliwa, lakini zinakupa picha ya mchana wenyewe.

Na Heisman alitaka nini hasa? Majibu ni mawili, na yote yanaaminika.

La kwanza ni kisasi. Mapema mwaka huohuo Cumberland waliifunga Tech 22–0 katika besiboli, na Tech walishuku kwamba wapinzani wao walikuwa wameingiza wachezaji wa kulipwa. Heisman ndiye aliyekuwa akifundisha besiboli pia. Ukitazama 22 na 222, huhitaji mkalimani.

La pili linatuhusu zaidi. Enzi hizo hapakuwa na kamati. Waandishi wa magazeti ndio waliopanga nani bora, na wengi walijumlisha tu alama za msimu mzima, bila kujali zilifungwa dhidi ya nani. Heisman aliona huo ni upuuzi, na alisema alitaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kurundika alama mbele ya mpinzani dhaifu. Kwa maana hiyo 222 ilikuwa hoja iliyoandikwa kwa alama: mkisema namba ndiyo ukubwa, basi shikeni hii.

Hoja yenyewe ilikamilika siku saba baadaye. Tech haohao, kwenye uwanja uleule, walikutana na Davidson, chuo kingine kidogo lakini chenye timu ya kweli. Wakashinda 9–0. Wiki iliyofuata wakaipita North Carolina kwa shida, 10–6. Kabla Oktoba haijaisha wakatoka sare 7–7 na Washington and Lee. Shabiki aliyetoka uwanjani tarehe 7 akiamini timu yake haizuiliki alikuwa na wiki tatu tu za kuishi na imani hiyo. Timu ilikuwa nzuri, na mwaka 1917 ilikuwa timu ya kwanza ya Kusini kuhesabiwa mabingwa wa taifa. Ila ushahidi wa uzuri huo haukuwa 222. Ulikuwa katika ile 10–6, ambapo kulikuwa na mtu wa kuwazuia na wakapata njia.

Je, wapimaji walijifunza? Polepole sana. Heisman alifariki mwanzoni mwa Oktoba 1936. Mwezi huohuo shirika la Associated Press lilianza kura yake ya kila wiki ya kupanga timu, na mwaka huohuo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ikapewa jina la Heisman. Mtu aliyewacheka wahesabu alama akawa jina la kombe, huku wahesabu wakipata kazi ya kudumu. Kura zikafuatwa na kompyuta mwaka 1998, katika mfumo ulioitwa BCS. Programu nyingine zilitoa thawabu kwa pengo la ushindi, hivyo kocha mwenye alama 50 alikuwa na sababu ya kutafuta 60. Kabla ya msimu wa 2002 kipimo hicho kiliondolewa kwenye hesabu za kompyuta. Lakini huwezi kukiondoa kwenye macho ya binadamu. Mpiga kura ameona 63–3, na akishaiona hawezi kuisahau.

Kuna upande mwingine ambao mabishano ya mashabiki hayaugusi mara nyingi, nao ni wa aliyepigwa. Vichapo vingi vya Septemba havitokei kwa bahati mbaya, vimenunuliwa. Chuo kikubwa kinataka ushindi wa nyumbani na uwanja uliojaa. Chuo kidogo kinataka pesa za kuendesha michezo yake. Wanatia saini, kidogo kinasafiri, kinatandikwa, kinarudi na hundi. Mwaka 2007 Michigan waliilipa Appalachian State dola 400,000 kwa mechi ya namna hiyo, halafu Appalachian State wakashinda 34–32 mbele ya watu zaidi ya 100,000. Matokeo hayo yanakumbukwa kwa sababu yalikiuka mpango. Kwa kawaida mpango unatimia, na wanafunzi wanaolala na maumivu hawapati hata fungu la kumi la mjadala.

Cumberland nao hawakuwa vibonde siku zote. Mwaka 1903 walitoka sare 11–11 na Clemson, timu iliyokuwa ikifundishwa na Heisman huyohuyo. Miaka 13 tu baadaye wakaitwa uwanjani kujaza nafasi.

Kwa hivyo mashabiki wakibishana baada ya kichapo kikubwa, usiwaone wajinga. Wanauliza swali sahihi kuliko kamati nyingi. Wakitaka jibu, watazame nani hakuwepo uwanjani, nani alilipa ili mechi ichezwe, na timu yao imefanya nini wiki iliyofuata mbele ya mtu anayeweza kuwajibu.

Na tukihesabu kwa namna hiyo, hata 222–0 ina sura nyingine. Tech walipata alama zote. Cumberland walipanda treni wakiwa na dola 500 walizoahidiwa, na zile 3,000 hawakuzilipa kamwe. Ndicho walichoendea Atlanta.