Cheche za Peugeot 404
Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati usukani ulishikwa na Bert Shankland wa Tanzania. Mafundi wa enzi hizo walisaka hitilafu kwa macho, pua na vidole, na mimi nafuata njia hiyohiyo. 404 hii tuliyoifufua huzimika injini ikishapata moto. Naanza na cheche: nafungua kifuniko cha distribyuta, natazama kontakti kama zimeungua, nabadilisha kondensa. Kondensa iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi, ikipata joto hugoma. Wengi hulaumu kabureta bure! Hiyo huja baadaye. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa hunywesha injini petroli kupita kiasi Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, kwenye hewa nyepesi, na plagi hutoka nyeusi tii.