Sufuria Ilipokuwa Shaba

Ukiwa Chidya leo ukamwambia mtu "niletee sufuria", atakuletea ya alumini. Lakini neno lenyewe lina habari nyingine. Limetoka kwenye Kiarabu, sufr, yaani shaba. Kila ukisema "sufuria" unataja madini ambayo jikoni kwako hayapo.

Huku Masasi na Newala wazee walipikia vyungu vya udongo. Sufuria ya shaba ilikuwa chombo cha watu wa pwani.

Sasa tuseme umerithi moja kutoka kwa bibi, ukaisahau jikoni mpaka maharage yakaungua. Usikimbilie stilwaya! Iangalie kwanza ndani. Shaba ya kupikia ilipakwa bati kwa ndani, ile rangi kama ya fedha. Bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, shaba mpaka 1,085. Maji yakiwemo, joto haliendi mbali na nyuzi 100, kwa hiyo bati liko salama. Maji yakikauka, bati linaweza kuyeyuka lenyewe.

Ukoko uloweke kwa maji ya moto usiku kucha, ukwangue kwa mwiko wa mti. Nje sugua kwa ndimu na chumvi, au ukwaju. Tindikali yake huyeyusha ile oksidi nyeusi, na wekundu unarudi mbele ya macho yako.

Mtego uko hapo. Inang'aa, nawe unadhani imepona. Kumbe kama wekundu huo unauona hata ndani, bati limekwisha. Tindikali iliyosafisha nje imo pia kwenye nyanya, ukwaju na embe mbichi. Itaitoa shaba na kuiingiza kwenye mchuzi, na shaba ikizidi mwilini huleta kichefuchefu, kutapika na tumbo kuuma.

Zamani dawa ilikuwa fundi: anaisafisha, anaipasha moto, anayeyusha bati na kulisambaza kwa pamba. Halafu mwaka 1886 Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua njia ya kutengeneza alumini kwa bei nafuu. Sufuria mpya haikuhitaji kupakwa bati, na kazi ya fundi ikapungua.

Kwa hiyo ya bibi ing'arishe, itunze. Ila kama ndani ni nyekundu na fundi hujampata, iwe pambo. Mchuzi pika kwenye ile iliyorithi jina lake.