Merikebu Iliyozama Mvita na Suala la Msamiati Wake

Mnamo Oktoba 1697 merikebu ya vita Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome ya Mombasa, ile ambayo Wareno waliiita Fort Jesus. Ilikuwa imetumwa kutoka Goa kuwaauni waliozingirwa humo na majeshi ya Omani tangu Machi 1696. Haikufua dafu: ngome ilitekwa Desemba 1698, nayo merikebu ikalala mchangani hadi wapiga mbizi walipoyaona mabaki yake katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Marekani wakiongozwa na Robin Piercy, waliyachimbua.

Kazi hiyo haifanani na uchimbaji wa nchi kavu. Mchanga hufyonzwa kwa bomba, kila kitu hupimwa mahali kilipo kabla ya kuguswa, na mbao zilizolowa kwa karne kadhaa haziwezi kuanikwa tu, kwani maji yakizitoka hunywea na kupasuka. Kwa sababu hiyo maelfu ya vitu yalipandishwa na kuhifadhiwa, lakini kiunzi chenyewe kilipimwa, kikachorwa, kikafunikwa tena palepale.

Tumezoea kuiita merikebu hiyo ya Kireno. Kwa bendera ni kweli; kwa mengine yafaa tusite. Iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ikashushwa majini mwaka 1681. Tanná ya jina lake ni mji wa Thana, jirani ya huko, na mbao zake ni msaji. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kaure vya Kichina na mitungi ya Asia. Hata ngome iliyokuja kuiokoa haikuwa ya Wareno peke yao. Maradhi yalipokwisha kuwamaliza maaskari wao mwezi Agosti 1697, walioishika hadi msaada ulipofika Septemba walikuwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Anayevisimulia vita hivyo kama ugomvi wa wageni wawili amewafuta watu hao.

Msamiati wa bahari watoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Nahodha, nanga na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Merikebu, jahazi na usukani ni ya Kiarabu. Tanga, mtumbwi na ngalawa ni ya Kibantu. Mreno alituachia bendera, lakini zaidi ya hapo alituachia vitu vya nyumbani: meza, kasha, leso, mvinyo. Alikaa Mombasa karibu karne moja, na mabaharia wetu hawakuhitaji kuazima kwake jina la nanga.

Hata hivyo, mfasiri wa leo akiletewa taarifa ya uchimbaji huu, huenda akaandika “uti wa mgongo wa meli” na “mbavu za meli”, na kudhani ameipanua lugha. Mkuku upo. Mataruma yapo. Omo, tezi na ngama zipo, na kuziba nyufa za mbao kwaitwa kutia kalafati. Kinachokosekana ni mwanachuo wa kuuliza.

Hatudai kwamba kila neno la jahazi litafaa. Foromali ni boriti ndefu ya mshazari ibebayo tanga la jahazi. Kulitumia neno hilo kwa maboriti ya merikebu yenye matanga ya mraba ni kumpotosha msomaji. Mtepe nao ulishonwa kwa kamba, hivyo maneno ya ushonaji wake hayana kazi katika chombo kilichopigiliwa misumari. Na kwa zile tundu za mizinga, merikebu ikiwa na mizinga 42, sharti tuseme kwa maelezo. Mipaka hiyo haiwezi kupangwa kwa kamusi pekee, maana kamusi hutaja mkuku bila kueleza unapoungana na nini.

Michoro ya kiunzi kile ipo. Njia iliyo wazi ni kuichukua hadi Matondoni, kisiwani Lamu, ambako majahazi yameundwa kwa vizazi vingi, kuitandaza mbele ya mafundi wazee, na kuuliza jina la kila kipande: kinaitwaje, kinakaa juu ya kipi, na kama hakina jina, wao wangekiitaje.